Hoki ya barafuni Mombasa: anzeni na magurudumu

Swali la msomaji wa Kisauni: "Shikamoo fundi. Jioni mimi hufundisha watoto wa mtaani kwetu kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Tangu wasikie kwamba Kenya imekubaliwa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafuni, hawana neno jingine. Sasa kuna mfanyabiashara anasema tukimtafutia kiwanja na wadhamini atatujengea uwanja mdogo wa barafu. Je, barafu inaweza kukaa Mombasa kweli? Na huu mchezo una maisha huku kwenye joto, ama tunajidanganya?"

Marahaba, mwanangu. Barafu itakaa. Kazi yangu ya miaka mingi ni mitambo ya baridi, na siku yoyote utakayokwenda bandarini Kilindini utakuta kontena za baridi zimepangwa juani, ndani mna samaki na nyama iliyoganda, zinasubiri meli. Ukiwa na kompresa, stima na pesa, hata Lodwar unaweza kugandisha maji. Tena Lodwar ingekuwa rahisi kuliko Mombasa, na sababu yake nitakueleza. Ama mchezo wenyewe kukua huku kwetu, hilo pia linawezekana, ila si kwa kuanza na uwanja wa huyo bwana.

Watu wakisikia hoki ya barafuni hufikiria theluji na maziwa yaliyoganda. Lakini barafu ya mashine ina umri mkubwa. John Gamgee alifungua uwanja wake London mwaka 1876, na ujuzi ule aliupata alipokuwa akihangaika na namna ya kugandisha nyama ili ivuke bahari kutoka Australia na New Zealand. Na ile mashine inayozunguka uwanjani kulainisha barafu wachezaji wakipumzika, Zamboni, haikuzaliwa Kanada. Frank Zamboni alikuwa mfanyabiashara wa barafu huko Paramount, California, mahali pa jua. Watu walipoanza kununua friji za nyumbani, biashara ya kuuza barafu ikadorora, naye mwaka 1940 akafungua uwanja wa kuteleza. Mashine yake ikatoka mwaka 1949. Kwa hivyo fundi aliyezoea vyumba vya baridi vya samaki pale Liwatoni anaielewa nusu ya kazi hii kabla hajafunguliwa kitabu.

Uwanja wenyewe ni sakafu ya zege yenye mabomba ndani yake. Mabombani hupita maji ya chumvi au glaikoli (kimiminika kisichoganda upesi) iliyopozwa hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Juu ya zege humwagwa maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifike unene wa sentimita 3 hivi, na uso wake ushuke hadi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Jua la Mombasa unalizuia kwa paa na kuta nene zenye kuzuia joto. Hayo yote ni mambo ya kawaida kwa wanaojenga maghala ya baridi.

Taabu yetu ni unyevu. Weka chupa ya soda baridi mezani hapa Mombasa, hata hujaifungua imeshalowa na meza imelowa. Sasa fikiria soda hiyo ina upana wa mita 30 na urefu wa mita 60. Hewa yetu ikiwa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo imebeba karibu gramu 22 za maji. Hewa ya Nairobi ikiwa nyuzi 19 na unyevu wa asilimia 70 imebeba kama gramu 11. Yaani kila mlango unapofunguliwa huku, unaingiza maji mara mbili ya yale ambayo mwenzako wa Nairobi anaingiza. Na maji hayo hayaji mikono mitupu: mvuke unapogeuka maji na kisha kuganda juu ya barafu, huacha joto lake pale pale. Kilo moja ya mvuke ikigandia uwanjani huacha joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya kilo 8 za barafu. Ndiyo maana nikasema Lodwar ni afadhali. Joto lake ni kali, lakini ni kavu.

Usidhani ni shida ya pwani peke yake. Mei 20, 1975, mechi moja ya fainali ya Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilichezwa Buffalo, mji wa Marekani wenye baridi kali kabisa, kwenye ukumbi usiokuwa na viyoyozi. Siku hiyo kulikuwa na joto, na watu walijaa. Ukungu ukapanda kutoka kwenye barafu hadi wachezaji hawaonani. Ikabidi mchezo usimamishwe mara kwa mara, wachezaji wazunguke uwanjani wakitimua ukungu. Popo naye alikuwa anarukaruka ndani ya ukumbi, mchezaji mmoja akampiga kwa gongo akafa. Buffalo walishinda 5 kwa 4 katika muda wa nyongeza, kwa bao la René Robert ambalo watazamaji wengi hawakuliona vizuri. Hali hiyo iliwapata wao kwa siku moja ya joto. Sisi hali hiyo ni ya Januari hadi Desemba, kaskazi na kusi.

Dawa yake ipo: mashine za kukausha hewa, tofauti na zile za kugandisha sakafu, zinazofanya kazi usiku na mchana, milango miwili miwili ili mmoja ufunguke mwingine ukiwa umefungwa, na dari maalumu, kwa sababu dari ya kawaida juu ya barafu hupoa, hutoa jasho, na matone yakidondoka huganda kuwa vinundu vinavyomwangusha mtoto aliye mbioni. Mwekezaji anayekutajia kompresa bila kutaja kukausha hewa, mwanangu, mnyweshe chai umuage. Ongeza hewa ya chumvi. Kila mwenye kiyoyozi Nyali anajua mashine ya nje inavyoliwa na kutu. Mitambo ya uwanja ingehitaji koili zilizopakwa kinga na fundi wa kuziosha kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, la sivyo utanunua mpya mapema kuliko ulivyopanga.

Halafu kuna maji yenyewe. Uwanja kamili wa mita 60 kwa 30 ukiupa sentimita 3 za barafu unameza lita 54,000. Hizo ni karibu bowser tano na nusu za lita 10,000, na hapo hujacheza. Kila Zamboni inapopita humwaga mamia ya lita za maji, na kwa kawaida maji hayo ni ya moto, kwa kuwa maji ya moto hushikana na barafu ya zamani vizuri zaidi. Wewe ni wa Kisauni, huna haja ya kuambiwa habari ya mifereji mikavu. Na usifikirie kisima. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi huzuia maji kuganda vizuri; utapata barafu laini, yenye mawingu, inayochimbika. Itabidi maji yasafishwe chumvi kwanza, na mashine ya kusafisha nayo inataka stima.

Stima sasa. Uwanja wa kawaida huko Kanada, nchi ya baridi, hutumia nishati inayofika kama yuniti milioni 1.5 kwa mwaka ukijumlisha kila kitu. Wao hawahitaji kiyoyozi, lakini hulipia kupasha ukumbi joto. Sisi tutahitaji kinyume chake, na zaidi. Chukua hesabu ya shilingi 20 tu kwa yuniti, ambayo ni ya upole, unafika milioni 30 kwa mwaka kabla hujamlipa mlinzi wa getini. Uwanja mdogo utapunguza, sawa, lakini hautapunguza kwa kadiri ya udogo wake, maana milango ni ile ile na hewa ni ile ile.

Nani hulipa pesa hizo kwenye nchi za joto? Si wachezaji wa hoki. Ukitazama Ufilipino, nchi yenye jasho kama letu, viwanja vya barafu viko ndani ya maduka makubwa ya SM, na wanaovilipia ni familia zinazokuja kuteleza Jumapili baada ya kununua viatu na unga. Humo ndimo alimojifunza Michael Christian Martinez, aliyekwenda Sochi mwaka 2014 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kama mtelezaji wa mitindo barafuni. Hoki ilikuja kujibanza kwenye saa ambazo duka limefungwa. Ufilipino wakaingia shirikisho la dunia mwaka 2016, na mwaka uliofuata, hoki ya barafuni ilipochezwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki kule Kuala Lumpur, wakachukua dhahabu. Dubai umeisikia, pengine una shangazi huko: uwanja wao wa Dubai Mall ni wa 2008, na biashara yake ni ile ile ya duka. Falme za Kiarabu zina serikali tajiri nyuma yake, lakini duka halijaachwa.

Nairobi nako ni hivyo hivyo. Uwanja wa Panari ulifunguliwa mwaka 2005 kama kivutio cha hoteli, ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki, na haukujengwa kwa ajili ya timu yoyote. Wageni kutoka Kanada na Marekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi ndio walioanza kupiga hoki pale kwa mchezo tu. Kisha wakaja vijana wa Kenya, na wengi wao walitoka wapi? Barabarani, kwenye viatu vya magurudumu, kama watoto wako. Walikuwa tayari wanajua kusimama, kugeuka na kuanguka bila kuvunjika. Ice Lions wakawa timu isiyokuwa na timu nyingine ya kucheza nayo nchini, wakivaa vifaa vya kupewa. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawapeleka huko kwao wakacheza mechi, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa ligi kuu ya hoki, wakavaa jezi na kucheza upande wao. Lilikuwa tangazo la biashara, tusidanganyane, lakini dunia iliwajua. Septemba 2024 Kenya ikapokewa na shirikisho la kimataifa kama mwanachama mshiriki.

Soma historia hiyo kwa mpangilio wake: magurudumu, kisha kona ndogo ya barafu ya mtu mwingine, kisha timu, kisha jina. Uwanja kamili bado. Huyo mfanyabiashara anataka kuanzia mwisho.

Kuna waliojaribu kuanzia juu kwa pesa nyingi, na matokeo yao yamechanganyika. Florida ndiyo mfano ambao kila mtu huleta, na ni kweli unapendeza: Tampa Bay Lightning ilianza mwaka 1992 kwenye joto na unyevu ambao wakati wa kiangazi ni sawa kabisa na wetu, na imechukua Kombe la Stanley mwaka 2004, 2020 na 2021. Jirani zao Panthers wakalichukua 2024 na 2025. Lakini Atlanta imepoteza timu mara mbili, mwaka 1980 na 2011, zote zikahamia Kanada. Phoenix, Arizona, walipata timu mwaka 1996 na ikaondoka 2024 baada ya ugomvi usiokwisha wa uwanja. Kilichobaki Arizona ni watoto waliokuwa wakiitazama timu ile. Auston Matthews alilelewa Scottsdale, na mwaka 2016 akachaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia ligi kuu. Mimi hapo ndipo ninaposimama: timu ilihama, vijana wakabaki wanacheza.

Jamaika nayo hutajwa sana. Hawana uwanja wa barafu kisiwani, na mwaka 2019 walishinda Kombe la LATAM huko Florida. Nawapa hongera, lakini kikosi kile kilijaa vijana wenye asili ya Jamaika waliokulia Kanada na Marekani. Mtoto wa Kingston hakuteleza zaidi kwa sababu hiyo. Usiuchukue kuwa mfano wako.

Sasa wewe. Tafuta sakafu kwanza. Mitaa yetu imejaa kabro, na kabro hutikisa magurudumu mpaka meno yagongane; kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, nacho kinaruka badala ya kuteleza. Unahitaji saruji laini: uwanja wa mpira wa kikapu wa shule, ukumbi wa kijamii, au ghala lisilotumika, na maghala kama hayo Shimanzi hayakosekani ukibisha hodi kwa adabu. Ukuta wa mbao wa kimo cha goti kuzunguka uwanja hubadilisha kila kitu, kwa sababu hoki bila ukuta ni kazi ya kufukuza mpira. Kwenye magurudumu hucheza wanne na kipa, barafuni ni watano na kipa, kwa hivyo na watoto kumi tayari una mechi.

Beringi zitakusumbua kuliko viatu. Mchanga na chumvi huziua. Zitoeni, zisafisheni, zikausheni kabisa, mzipake mafuta mepesi, na msiteleze pale maji ya mvua yametuama. Kwa saruji ya nje chukua magurudumu magumu; yale laini ya ndani yataisha kama kifutio. Helmeti si ya kujadiliwa, hata kwa yule mjuaji wako mkubwa. Saa nzuri ni baada ya alasiri, na Ramadhani watoto wenyewe watakuomba baada ya tarawehe, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa sababu sakafu inakuwa imepoa.

Kuna hazina moja ambayo naona vijana wa kuteleza mnaipita tu. Mombasa ni mji wa magongo. Pale Mombasa Sports Club mchezo wa magongo ni wa siku nyingi, na nchi hii iliwahi kumaliza ya nne duniani, Barcelona, mwaka 1971. Wako wazee na makocha wanaojua kupasi, kuziba njia, kujipanga. Waombe waje. Lakini uwe macho na tabia moja: magongo ya uwanjani hutumia upande mmoja bapa tu wa gongo, wakati hoki ya barafuni unatumia pande zote mbili za bapa. Mtoto aliyefunzwa magongo atazungusha mwili wote kuepuka upande wa nyuma. Mrekebishe mapema kabla haijamkaa.

Kuhusu mfanyabiashara wako, huenda anachokusudia ni zile mbao za plastiki ngumu ya polithini zinazoitwa barafu bandia. Muulize wazi. Zikiwa hizo, hazili stima wala maji, na viatu vya visu huteleza juu yake, kwa uzito zaidi kuliko barafu ya kweli, na visu huisha makali haraka. Kwa kufundisha kipa na mashuti zinafaa sana, na kiraka kidogo mbele ya goli kinatosha. Kwa mechi nzima watoto watachoka vibaya. Zikiwa si hizo, mwombe akuandikie nani atalipa stima mwezi wa Mei, mvua inanyesha, watalii hakuna, na shule zimefunguliwa. Mpaka jibu hilo liwe kwenye karatasi, usimtafutie kiwanja wala usimpe jina la kikundi chako atembee nalo kwa wadhamini.

Barafu ya kweli watoto waionje Nairobi. Treni ya SGR inawashusha Syokimau, na Panari iko kwenye Barabara ya Mombasa hiyo hiyo, mwendo mfupi wa matatu. Pigeni simu kabla ya kukata tiketi, muulize kama barafu iko tayari siku hiyo na kama Ice Lions watakuwa na mazoezi, maana kuwatazama ni nusu ya somo. Wabebeni soksi ndefu, glavu na sweta. Mtoto wa pwani atatetemeka kabla hajavaa viatu. Siku hiyo wafundishwe kupiga breki tu. Kusonga mbele wataweza ndani ya nusu saa kwa sababu ya magurudumu, lakini breki ya barafuni ni kugeuza visu ubavu na kuikwangua barafu, kitu ambacho magurudumu hayajawazoeza, na wote watakwenda kuparamia ukuta. Na kabla ya safari mchague kipa, hata wawili. Kila mtoto atataka kufunga mabao, na timu nyingi changa hugundua siku ya mechi kwamba hakuna anayetaka kukaa golini.